Tiketi Inunuliwe Mwisho: Kuajiri Waigizaji na Wanamitindo wa Kigeni kwa Kazi Inayopigwa Ugenini

(Hotuba iliyotolewa Lubumbashi mbele ya watayarishaji, waongozaji, wenye ajansi na waigizaji, imeandikwa upya kwa wasomaji.)

Bamama, bapapa, na ninyi vijana mliokosa viti mkasimama kule nyuma, karibuni. Aksanti kwa kufika.

Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa porini, upande wa barabara ya Likasi. Raoul Peck alipotengeneza filamu juu yake, iliyotoka mwaka 2000, kamera hazikufunguliwa hapa. Nchi ilikuwa vitani, na kazi ikapelekwa Zimbabwe na Beira, Msumbiji. Aliyemcheza Lumumba, Eriq Ebouaney, alizaliwa Paris. Habari ya Katanga, mwigizaji wa Bulaya, ardhi ya watu wengine: hiyo ndiyo aina ya kazi tunayoizungumzia leo. Mtu, mahali na pesa vikitoka nchi tatu, siku moja ya kazi inaguswa na sheria za nchi tatu, na hakuna hata moja inayoijali ratiba yenu.

Wengi wanafikiri kashe ya mgeni, yaani malipo yake ya kazi, ndiyo inayoua bajeti. Sivyo. Kashe inajulikana tangu simu ya kwanza. Bajeti inauawa na siku ambazo hazikuhesabiwa, na matumizi ya picha ambayo hayakuandikwa.

Tuhesabu pamoja. Tuseme mteja anataka tangazo la siku tatu hapa mjini, na mwanamitindo wa Johannesburg kwa dola 400 kwa siku. Mtayarishaji asiyezoea anaandika 1,200 na kufunga daftari. Lakini kuna siku ya kuja, siku ya kurudi, siku ya kujaribu nguo, na siku moja ya akiba mvua ikizuia kazi. Ajansi nyingi hulipisha siku kama hizo nusu kashe: nne mara 200, dola 800. Tumefika 2,000. Ajansi inamwongezea mteja asilimia 20 ya huduma, dola 400. Sasa ni 2,400, na bado hatujagusa ndege, hoteli, chakula, viza wala posho, na hamjanunua haki ya kuonyesha picha hata moja. Kumbukeni pia kwamba ajansi hiyohiyo inakata sehemu yake kwenye kashe ya mwanamitindo, mara nyingi asilimia 20 nyingine. Ile 400 mnayoitaja kwenye simu, yeye anaijua kama 320.

Siku ya akiba msiifute ili bajeti ipendeze. Mvua zetu ni Novemba hadi Aprili, na mara nyingi zinaanguka mchana, saa zilezile mlizopanga picha za nje. Kiangazi nacho kina yake: Juni na Julai asubuhi ni baridi kweli, na mwanamitindo aliyevaa gauni la pwani anatoka vipele vya baridi ambavyo hakuna poda inayovificha. Kuanzia Julai moshi wa mapori yanayochomwa unaufanya mwanga kuwa mwekundu. Mwongozaji anaweza kuupenda mwekundu huo, lakini mteja wa sabuni ya kufulia hataupenda.

Mpangilio wa kazi ni huu: shika siku, uliza karatasi, saini mkataba, pata viza, nunua tiketi. Watu wanaanza na tiketi kwa sababu bei ya ndege inapanda kila siku na inatisha. Lakini tiketi ya bei nafuu, isiyorudishwa, mkononi mwa mtu asiye na viza, ni pesa iliyokwisha kutupwa.

Kushika siku maana yake ni hivi. Mnaiambia ajansi: tunamhitaji tarehe 10 hadi 16, tuwekeni wa kwanza. Hapo hamjamwajiri. Mwingine akimtaka kwa siku hizo, ajansi inawarudia kuuliza, na mnapewa muda mfupi, mara nyingi siku moja, kuthibitisha au kumwachia. Kama tayari kuna mwenzenu aliye wa kwanza, ninyi mtawekwa wa pili, na wa pili hajengi ratiba juu ya mtu huyo. Mkishathibitisha kwa maandishi, mlango umefungwa: ajansi nyingi huandika kwamba kufuta kazi ndani ya saa 48 ni nusu ya kashe, na ndani ya saa 24 ni kashe nzima. Ujumbe wa WhatsApp wenye neno "tumekubali" unatosha kuwafunga. Msiutume usiku mkiwa na furaha.

Sasa matumizi, na hapa nitakaa. Kashe inanunua siku za mtu, yaani mwili wake na sauti yake mbele ya kamera. Ruhusa ya kuonyesha kilichopigwa ni biashara nyingine na ina bei yake. Karatasi ya matumizi lazima iseme mambo matano: vyombo gani (televisheni, mabango ya barabarani, mitandao, maduka), nchi gani, kwa muda gani, muda huo unaanza siku gani, na je, amefungwa asifanye kazi ya mshindani. Hilo la nne ndilo linalosahaulika. Mwaka mmoja tangu siku ya kupiga picha na mwaka mmoja tangu tangazo lirushwe kwanza vinaweza kupishana kwa miezi sita, na miezi sita ya bango katikati ya mji si kitu kidogo.

Makosa ya kawaida ni mawili, na yanaelekea pande tofauti. La kwanza ni kuandika "dunia nzima, milele" kwa sababu mtu aliinakili kontra (mkataba) ya zamani. Ajansi ya nje inaisoma na kupandisha bei mara kadhaa, wakati mteja alikuwa anauza bia katika majimbo mawili. La pili ni kununua Kongo tu, kisha mtu wa mawasiliano anaweka video kwenye ukurasa wa kampuni unaofunguka hata Lusaka na Brussels. Kwa mitandao andikeni wazi: kurasa za mteja zenyewe, bila kulipia usambazaji nje ya nchi fulani, na muda ukiisha, je, picha za zamani zinabaki kwenye ukurasa au zinaondolewa? Msipoandika, mtapokea fakture (ankara) kutoka ajansi mwaka unaofuata, na watakuwa na haki.

Katika matangazo yenye ushindani mkali, kama simu, bia na benki, kumfunga mtu asimtumikie mshindani kunalipiwa. Mtajeni mshindani kwa aina ya bidhaa. "Kampuni yoyote nyingine" ni maneno yanayomnyima mtu riziki, na hakuna ajansi makini itakayoyasaini.

Kuna kifungu kipya kinachotakiwa sasa kila mahali: nakala za kidijitali. Waigizaji wa Marekani, chini ya chama chao SAG-AFTRA, waligoma siku 118 mwaka 2023, na suala la kutengenezewa sura na sauti kwa akili bandia lilikuwa mezani. Jimbo la New York lina sheria ya wafanyakazi wa mitindo inayofanya kazi tangu Juni 2025: inadai ruhusa ya maandishi kwa nakala kama hizo, na imeizuia kamisheni ya ajansi isizidi asilimia 20. Hata kama mnapiga picha Kipushi, mtu mnayemwajiri ana ajansi inayozijua sheria hizo. Andikeni kwamba hamtatengeneza sura au sauti yake bila mkataba mwingine, na mazungumzo yatakwenda haraka zaidi.

Mkimtaka mwigizaji wa Marekani, ulizeni mapema kama ni mwanachama wa SAG-AFTRA. Kanuni ya kwanza ya chama hicho inamkataza mwanachama kufanya kazi na mtayarishaji asiyesaini makubaliano na chama, popote duniani. Haimsamehi kwa kuwa kazi iko Lubumbashi. Yeye ndiye atakayeadhibiwa, kwa hiyo atajitoa, na atajitoa wiki ya mwisho.

Karatasi za serikali. Kuruhusiwa kuingia si kuruhusiwa kufanya kazi, na hili ndilo linalowarudisha watu uwanja wa ndege. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halijafuta vibali vya kazi. Anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kwa shughuli za kibiashara Zambia anahesabiwa siku 30 ndani ya miezi 12, na siku hizo zinajumlishwa: tano za Chingola mwezi huu, kumi za Kitwe mwezi ujao. Zikiisha, inahitajika ruhusa ya kazi ya muda. Kenya inadai leseni ya filamu, na waigizaji wa kigeni wanaombewa pasi maalumu ya uhamiaji. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Ufaransa imeondoa kibali cha kazi kwa wageni wanaofanya filamu, sanaa au mitindo kwa muda usiozidi miezi mitatu, lakini viza inabaki palepale, na sheria yake ya kazi inamhesabu mwanamitindo anayelipwa kuwa mfanyakazi wa mshahara, hata mkataba uuite jina gani. Uingereza kwa kawaida inataka mwajiri mwenye leseni ampe msanii hati ya udhamini kwanza. Marekani ni nzito kuliko zote: viza ya O-1 kwa mwigizaji wa filamu inahitaji maoni ya maandishi ya chama cha wafanyakazi na ya shirika la waajiri, na bila mwanasheria msijaribu.

Kwa wanaokwenda Bulaya kwa viza ya Schengen: ombi linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, jibu la kawaida ni siku 15, nao wana haki ya kufika siku 45. Hesabuni 45. Alama za vidole hubaki kwenye mashine miezi 59, kwa hiyo aliyewahi kuzitoa anaweza asiitwe tena, na hiyo inaweza kumwokolea mwigizaji wa hapa safari nzima ya Kinshasa. Siku 90 ndani ya kila siku 180 zinahesabiwa kwa nchi zote za Schengen pamoja. Aliyekaa Brussels siku 60 kwenye tamthilia hawezi kuja Paris siku 40 kwenye filamu yenu.

Upande wa kuleta mtu hapa, viza inahitaji barua ya kualika na kugharamia iliyothibitishwa, ile mnayoiita "prise en charge", nayo iseme kazi halisi. Mkiandika "ziara ya kifamilia" na sanduku la mgeni lina kontra ya tangazo, mtu wa DGM, ofisi ya uhamiaji, atafurahi sana, na si kwa namna mnayopenda. Kila mgeni apewe hati ya misheni yenye muhuri, majina kama yalivyo kwenye pasipoti na tarehe zote, na nakala tano hivi mfukoni mwa dereva. Ruhusa ya kupiga picha ya ofisi ya jimbo haimalizi kazi: komini (manispaa) inataka barua yake, na mgodi unataka ya mwenye mgodi. Uwanja wa ndege, kambi na madaraja msielekezee kamera kwa kubahatisha. Vifaa vinavyoingia na kundi viandikwe duane (forodha) kama mali ya muda, kwa namba ya kila lenzi, kwa sababu siku ya kutoka zitasomwa moja moja.

Afya sasa. Kadi ya homa ya manjano inaanza kuhesabiwa siku kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni ya maisha yote. Hilo la siku kumi linawaumiza pale mwigizaji anapougua na mnataka mbadala ndani ya wiki: mbadala asiye na kadi hawezi kuja kihalali, hata awe na sura nzuri vipi. Kwa hiyo mnapochagua mbadala tangu mwanzo, ulizeni kadi kabla ya kuuliza vipimo. Kwa dawa za kuzuia malaria, mwambieni mgeni amwone daktari wake na amweleze kwamba atafanya kazi juani. Doxycycline inafanya ngozi iungue haraka na jua, na inaendelea kumezwa wiki nne baada ya kutoka. Mwanamitindo wa bidhaa za ngozi akiimeza, siku ya pili mtakuwa na pua nyekundu na mpaka wa blauzi mabegani. Zipo dawa nyingine, daktari atachagua. Bima iandike kusafirishwa kwa ndege hadi hospitali ya nchi nyingine, mara nyingi Johannesburg. Bila bima, ndege hiyo peke yake inaweza kumeza makumi ya maelfu ya dola.

Kodi nitaisema kwa namba. Afrika Kusini inakata asilimia 15 kwenye malipo ya mwigizaji wa kigeni, Uingereza 20, Marekani 30 ya jumla, isipokuwa kama makubaliano kati ya nchi yanapunguza. Mkimwahidi mtu wetu dola 1,000 safi mkononi, kwa asilimia 15 bajeti iwe 1,176.47, kwa 20 iwe 1,250, kwa 30 iwe 1,428.57. Msiongeze tu 300 juu ya 1,000: ukikata asilimia 30 ya 1,300 zinabaki 910, na mtu anawaita wezi. Mkataba useme wazi kama kashe ni kabla au baada ya kodi, na nani anampa hati ya kodi iliyokatwa, kwa sababu bila hati hiyo anaweza kudaiwa tena kwao. Na posho za hapa zitolewe kwa noti safi. Dola yenye mpasuko wa milimita mbili haitanunua hata maji, na mgeni hajui hilo.

Majina. Sisi tuna jina, jina la baada na jina la ubatizo. Mtayarishaji wa nje anachukua mawili anayoyapenda na kuyapeleka kwa muuza tiketi. Jina la tiketi litoke kwenye ile mistari miwili ya herufi chini ya ukurasa wa picha, kama ilivyo, hata kama herufi imekosewa. Jina la kisanii liende kwenye orodha ya filamu, na mkataba uyataje yote mawili. Pasipoti ibaki na angalau miezi sita baada ya siku ya kurudi na kurasa mbili tupu.

Kwa ninyi waigizaji mnaojirekodi nyumbani: simu ilale, dirisha liwe mbele yenu na si nyuma, ukuta mtupu, macho kando kidogo ya lenzi, anayewasomea majibu aongee chini. Mwanzoni semeni jina, urefu kwa sentimita, mji mlipo, kisha geukeni pande zote mbili na kuonyesha mikono. WhatsApp inabana video hadi uso unakuwa uji. Itumeni kama dokumenti, au kwa kiungo. Wanamitindo, picha za kawaida bila mapambo ziwe za miezi hii, si za kabla ya kusuka. Vipimo vyote viwe kwa sentimita. Nguo namba 38 ya Ufaransa ni 10 ya Uingereza na 6 ya Marekani, na mtu wa mavazi aliyenunua "10" dukani hapa hakosi kulia. Viatu navyo ni hivyo.

Mwigizaji wa nje akipaswa kuongea Kiswahili cha L'shi, yaani cha hapa Lubumbashi, mpeni mtu wa hapa wa kumfundisha, na maneno yarekodiwe mara mbili, polepole na kwa mwendo wa kweli, wiki tatu kabla. Kiswahili cha Dar es Salaam mdomoni mwa mchimbaji wa Kolwezi kitachekesha ukumbi mzima. Mkihisi hataweza, wekeni kwenye mkataba haki ya kumtia sauti ya mtu mwingine. Wapo wanaokataa, na ni vizuri kujua kabla.

Wasichana na vijana mnaopigiwa simu, sikilizeni hili. Ajansi ya kweli inakula kwenye kazi yako. Haikulipishi franka za kusikilizwa, za fomu wala za "kufungua faili". Ni kweli zipo zinazotanguliza tiketi, chumba na picha za majaribio kisha zikakata kwenye kashe. Basi ombeni orodha ya deni hilo kwa maandishi kabla ya kupanda ndege, na kikomo chake. Pasipoti hailali kwenye kabati la mtu mwingine hata usiku mmoja. Tiketi ya kurudi iwe kwa jina lako. Namba ya mtayarishaji mwenyewe, si ya dalali peke yake, ibaki nyumbani kwa mama. Aliye chini ya miaka 18 asisaini lolote. Asaini mzazi, baada ya kusoma, na nchi kama Ufaransa inataka kibali cha serikali kwa mtoto chini ya miaka 16 na sehemu ya pesa zake kufungiwa hadi akue.

Siku ya mwisho kwenye seti, kabla gari halijaenda Luano, uwanja wetu wa ndege, mgeni asaini karatasi ya saa alizofanya, na ninyi muisaini palepale. Saa za ziada zinabishaniwa mtu akishafika kwao, na hapo kila upande unakumbuka saa yake. Mpeni pesa ya Go-Pass, ile tozo ya uwanja wa ndege, kama haimo kwenye tiketi. Salio lilipwe tarehe iliyoandikwa. "Mteja akilipa" si tarehe.

Waliokuja na kontra mkononi, zileteni hapa mezani sasa tuzisome. Tuanze na ukurasa wa matumizi, nambari ya nne: muda unaanza siku gani.